Kosa la Ukurasa wa Saba

Naanyu hakujua kwamba alikuwa akitoa habari. Alifika dukani Korogwe mwendo wa saa nne asubuhi kununua tenki la maji la lita elfu moja, akachagua jeusi, akauliza kama koki yake inapatikana humo humo. Katika kueleza kwa nini ana haraka, akasema kaka yake anataka alione limesimama kabla hajaondoka kesho.

"Kaka yupi?" Vaishali aliuliza, ingawa Naanyu alikuwa na kaka mmoja tu.

"Tiampati. Leo ni siku ya tisa yuko nyumbani. Hamjaonana?"

Vaishali akasema bado, hawajaonana. Akageukia rafu ya koki na kusimama pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kuchagua koki. Siku tisa. Kutoka Korogwe hadi Handeni hata saa mbili hazifiki, na yule mtu alikuwa amekaa huko siku tisa bila kuvuka.

Walifahamiana chuo kikuu, Dar es Salaam, mwaka wa kwanza wa fizikia. Yeye binti wa Rakesh mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Tiampati mtoto wa wafugaji wa nyanda kavu za Handeni. Waliwekwa meza moja kwa sababu majina ya nyumbani kwao yalikuwa yanafuatana kwenye orodha ya mkoa. Mwaka wa tatu mwalimu wao akawapa kazi moja wote wawili: waeleze maada inakuwaje ikipashwa joto na kubanwa kupita hata inavyobanwa katikati ya jua. Ni kazi iliyowatoa wote wawili katika dunia ya kawaida. Walijifunza kwamba protoni na nyutroni, zile punje zinazojenga kiini cha kila atomu, nazo zina vitu ndani yake viitwavyo kwaki, na kwamba nguvu inayozishika kwaki ni kubwa kiasi kwamba hakuna aliyewahi kuiona kwaki moja ikitembea peke yake. Lakini ukipandisha joto hadi karibu nyuzi trilioni mbili, vifungo vinalegea. Protoni haibaki protoni. Kinachobaki ni mchuzi wa kwaki, kila moja ikizunguka itakapo.

Walipata nafasi ya kwenda Ujerumani pamoja. Mwezi wa safari mama yake Vaishali akafariki, na kabla ya wiki mbili kupita baba yake akapooza upande mmoja. Pasipoti ya Vaishali ikabaki kwenye droo. Tiampati akaondoka peke yake. Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita.

Miaka yote hiyo alikuwa akimtumia kurasa. Hazikuwa barua za mapenzi, mtu yeyote angeweza kuzisoma: hesabu za joto na kanieneo, michoro ya mstari unaotenganisha maada ya kawaida na ule mchuzi, na chini kabisa sentensi mbili tatu za Kiswahili. Hapa theluji imefika magotini. Jana nimeota nakula makande. Vaishali alizisoma nyuma ya rafu ya rangi wateja wakipungua, akasahihisha kwa kalamu nyekundu, akapiga picha na kurudisha. Siku kurasa zilipochelewa alikuwa anawajibu wateja vibaya. Bibi yake, Leela, aliligundua hilo mapema kuliko yeye mwenyewe.

Kisha, miezi minne iliyopita, zikaja kurasa kumi na tisa kwa mkupuo, halafu kimya. Vaishali aliandika mara tatu kumuuliza kulikoni. Hakujibiwa hata mara moja. Na jambo lililomkera usiku na mchana ni kwamba kwenye ukurasa wa saba kulikuwa na kosa, alilokuwa akingoja ajibu ndipo amwonyeshe.

"Tenki nitalileta mwenyewe," akamwambia Naanyu. "Panda pikapu, twende."

Baba yake alikuwa amelala kidogo baada ya dawa zake. Bibi Leela, aliyekuwa mlangoni akichambua dengu, akauliza anakwenda wapi. Vaishali akajibu anapeleka tenki Handeni. Yule bibi akalitazama daftari lililokuwa kwapani mwa mjukuu wake, akasema kwa Kigujarati kwamba tenki hilo lazima lina maandishi mengi, akaendelea na dengu zake.

*

Tiampati alikuwa amepiga magoti kando ya zizi, akipanga mawe ya kukalishia tenki, mikono imejaa saruji hadi viwikoni. Alisikia gari, akainua kichwa bila haraka, akidhani ni dereva wa duka. Halafu akaona ni nani aliyeshika usukani. Hakusimama. Alibaki vile vile amepiga magoti, jiwe mkononi, kama mtu aliyesahau alitaka kuliweka wapi.

Vaishali alikuwa amejiandaa njia nzima. Alikuwa na maneno makali kuanzia kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe mpaka lami ilipoishia. Sasa aliyatafuta asiyaone. Alichoona ni kwamba nywele za Tiampati zilikuwa zimeanza mvi mbili tatu juu ya sikio, na kwamba hakuna aliyemwambia.

"Umekonda," akasema.

"Umeleta tenki mwenyewe."

"Nimeleta tenki, na nimeleta ukurasa wa saba."

Naanyu aliwatazama wote wawili, akasema anakwenda kumwita mama, akaenda polepole sana.

Walikaa nyuma ya pikapu, tenki likiwapa kivuli. Tiampati alifuta mikono kwenye suruali, akalipokea daftari, akasoma akifuata mistari kwa kidole bila kugusa karatasi. Vaishali alimtazama akisoma. Alikuwa amesahau jinsi anavyouma mdomo wa chini anapofika mahali pagumu. Miaka sita alikuwa na mwandiko wake tu. Sasa alikuwa na mdomo, na kovu dogo kidevuni, na pumzi yake. Akaona heri atazame ng'ombe.

Kidole kikasimama.

"Sikugawa kwa tatu," Tiampati akasema.

"Hukugawa kwa tatu. Kila nyutroni ina kwaki tatu, Tiampati. Ili hali mbili zikae pamoja lazima joto liwe sawa, kanieneo iwe sawa, na gharama ya kuongeza nyutroni moja iwe sawa na gharama ya kwaki tatu. Wewe umelinganisha nyutroni na kwaki moja. Ukisahihisha, mstari wote unasogea."

Akafungua ukurasa unaofuata kumwonyesha. Alikuwa amerudia kazi yote hadi mwisho. Kwa hesabu ya Tiampati, nyota mbili za nyutroni zikigongana, maada ya katikati inayeyuka. Kwa hesabu iliyosahihishwa, inabaki kama ilivyokuwa.

Tiampati akasema kwamba Alhamisi ijayo alikuwa asimame mbele ya watu mia mbili aeleze kwamba inayeyuka. Wasimamizi wake wawili walikuwa wamezisoma zile kurasa, hakuna aliyeona.

"Ulikosea makusudi ili nikuandikie?"

"Ningependa kusema ndiyo," akajibu. "Nilikosea tu. Wiki ile sikuwa nalala."

"Basi nilikuandikia. Mara tatu. Kwa nini hukujibu?"

Hapo ndipo alipofunga daftari. Akaangalia upande wa zizi, kisha akaeleza kwa sauti ya chini. Mzee Rakesh alikuwa amempigia simu. Hakumtukana, wala hakutaja dini wala kabila. Alimsimulia habari za familia ya kijana aitwaye Yatin, ya Tanga mjini, watu wema waliokuwa wameleta posa kwa mara ya pili, na Vaishali hakuwapa hata jibu. Akamweleza kuhusu mwili wake ambao nusu yake haimsikii. Mwisho akamwomba jambo moja.

"Aliniambia, 'Mwanangu, nimebakiwa na huyu tu. Ukimwandikia, anakuwa hayupo hapa hata akiwa amesimama mbele yangu. Mwache apumzike.' Aliniita mwanangu, Vaishali. Ningemkatalia vipi?"

Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi jepesi. Vaishali hakuizuia hasira yake.

"Na mimi je? Kuna aliyeniuliza?"

"Hapana."

"Mmekaa wewe na Baba, mmekubaliana mimi nipumzike. Miezi minne nilidhani nimekuudhi. Nilizisoma upya barua zangu zote nikitafuta neno baya nililolisema. Nilikuwa nawauzia watu misumari huku najiuliza ni neno gani."

Tiampati hakujitetea. Alisema amekosa, na kwamba kosa hilo ni kubwa kuliko la ukurasa wa saba. Kisha akasema lile ambalo hakuna kati yao aliyewahi kulisema kwa miaka tisa ya kufahamiana.

"Nakupenda. Nimejaribu kutafuta tangu lini. Nimerudi nyuma kurasa zote nikitafuta siku ilipoanza, sijaiona."

Vaishali alikuwa ameitafuta siku hiyo hiyo, kwa miaka, na yeye vile vile hakuiona. Machozi yalimtoka bila kwikwi.

"Hakuna siku," akasema. "Usiitafute tena."

Hawakushikana. Mikono ya Tiampati ilikuwa na saruji, na mama yake alikuwa anakuja.

Nasieku alikuwa mwanamke mrefu, shanga zimetulia kifuani kama zilizozaliwa naye. Vaishali alishuka, akasema shikamoo, akainamisha kichwa. Mama yule akamwekea kiganja utosini, akakiacha pale muda kidogo kuzidi desturi. Alileta maziwa kwenye vikombe vya bati. Aliuliza bila kuzunguka kama ni kweli mgeni wake hali nyama. Alipoambiwa ni kweli, tangu kuzaliwa, wala kwao hakuna anayekula, alitafakari jambo hilo kwa uzito wote.

"Sasa siku ya sherehe tutachinja nini?" akauliza.

Naanyu akacheka hadi akakaa chini. Nasieku hakucheka. Alisema yeye hakatai mtu, lakini hasemi uongo pia: alitaka mkwe anayekaa karibu, na wajukuu wanaojua Kimaa, lugha yao Wamasai. Kisha akamgeukia Vaishali peke yake.

"Huyu siku ya kwanza alikaa pale kwenye jiwe anaangalia barabara ya Korogwe. Siku ya pili hivyo hivyo. Nikamwambia, kama kuna ng'ombe wako amepotea huko, nenda ukamtafute. Akasema ameahidi asiende. Sijui ni ahadi gani hiyo inayomkalisha mwanaume juu ya jiwe siku tisa."

Walipolikalisha tenki kwenye mawe na Vaishali akawa anafungua mlango wa pikapu, Tiampati akamaliza lile alilokuwa amelificha. Profesa wake alikuwa ameuliza ni nani anayeandika kwa kalamu nyekundu. Alipoambiwa, alisema nafasi ipo ya mwanafunzi mmoja kuanzia Aprili, maombi yanafungwa mwisho wa mwezi huu. Tiampati aliijua habari hiyo tangu alipofika, na alikuwa anaondoka nayo.

Vaishali aliuachia mlango wa pikapu.

"Ulikuwa uondoke nayo?"

"Nilikuwa sijui namna ya kukupa bila kumnyang'anya baba yako."

"Kesho unapitia wapi?"

"Mkata, kwa basi la Dar la saa nne. Nikija Korogwe navunja ahadi."

"Ahadi iliyonihusu mimi," akasema, akiwasha gari, "hukuwa na haki ya kuitoa."

*

Alifika duka linafungwa. Baba yake alikuwa kwenye kiti chake karibu na meza, fimbo imelala mapajani. Vaishali hakukaa. Alimwambia ametoka wapi, na kwamba anajua kuhusu ile simu.

Mzee Rakesh hakukana. Alianza kusema kitu juu ya familia ya Tanga, akaacha. Alianza kusema kitu juu ya marehemu mkewe, nacho akakiacha. Kutoka jikoni Bibi Leela akamwambia mwanawe amjibu mtoto vizuri, kwa kuwa mtoto amemuuliza vizuri.

"Niliogopa," akasema hatimaye. "Ukisoma yale makaratasi uso wako unakuwa kama wa mama yako alipokuwa msichana. Nikaona utaniacha."

Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka sita. Akauliza yale makaratasi yanahusu nini.

Vaishali alishangaa kiasi cha kusahau hasira. Alivuta ndoo ya rangi akaikalia. Alimweleza taratibu, kwa Kigujarati na Kiswahili kikichanganyika: kwamba samli ikiwekwa juani inalainika kidogo kidogo mpaka huwezi kusema ni dakika gani imeyeyuka, lakini maji sufuriani yana mahali pake, na yakifika hapo yanachemka. Kwamba maada iliyo moto sana lakini haikubanwa hubadilika kama samli, hilo linajulikana. Lakini ikibanwa sana, kama ndani ya nyota zilizokufa, watu wanaamini inabadilika kama maji, kwa ghafla, ila hakuna aliyethibitisha. Hata kompyuta kubwa zinashindwa, kwa kuwa zinajumlisha namba chanya na hasi nyingi mno zinazofutana hadi jibu linapotea katikati. Kwa hiyo watu wanatafuta kwa njia za kuzunguka. Yeye na Tiampati ni miongoni mwa wanaotafuta. Na Tiampati alikuwa amekosea.

"Na wazungu wake hawakuliona hilo kosa?"

"Hawakuliona."

"Wewe uliliona wapi?"

"Hapa. Nyuma ya rafu ya rangi."

Mzee aligeuza shingo kwa taabu akaitazama ile rafu, makopo yake yamepangwa safu kwa safu, na nafasi finyu kati yake na ukuta mahali binti yake aliposimama miaka sita. Alitazama muda mrefu.

"Nilidhani nakuzuia usiolewe mbali," akasema. "Kumbe nilikuwa nakuzuia na hili."

Vaishali akamshika mkono ule usiosikia, kisha akauacha akashika ule unaosikia. Hakumwambia yamekwisha, kwa sababu hayakuwa yamekwisha. Alimwambia atatuma maombi Ujerumani kabla ya mwezi kuisha, na kwamba hataondoka mpaka wapate mtu wa kumsaidia dukani na nyumbani, na kwamba jambo la Tiampati ni lingine, asilichanganye. Mzee akasema hayo ya Tiampati yeye hajayakubali. Vaishali akajibu kwamba anajua.

"Lakini mtu hawezi kupita Mkata kama mwizi," mzee akasema. "Nipe simu. Mimi ndiye niliyemnyamazisha."

*

Tiampati alifika Korogwe saa mbili asubuhi, shati jeupe, begi moja, macho ya mtu ambaye hakulala. Alisema shikamoo mzee, shikamoo bibi, akakaa pale alipoonyeshwa. Bibi Leela alimwekea chai ya tangawizi na chapati, akasimama kuhakikisha anakula. Mzee Rakesh alimuuliza baridi ya huko ikoje kwa mtu mwenye ganzi, na kama vyakula visivyo na nyama vinapatikana. Alipojibiwa kwamba vinapatikana tele, alitikisa kichwa kama aliyetarajia jibu jingine. Hakumwita mwanangu tena, wala hakumwita jina jingine. Ila alipoaga, mzee aliegemea fimbo akasimama, na kusimama kwake kulikuwa kazi kubwa ambayo hakumfanyia kila mtu.

Vaishali alimsindikiza hadi stendi. Walikuwa na dakika ishirini, na miaka sita ya kusema. Waliongea mambo madogo: hesabu mpya ataieleza vipi Alhamisi, jina la nani litatangulia. Tiampati alisema ni la Vaishali. Alipopinga, akamwambia asipoteze dakika kwa hilo.

"Aprili ni mbali," Tiampati akasema basi lilipoingia.

"Miezi minne ya kimya ilikuwa mirefu zaidi. Niandikie leo leo. Ukifika Kabuku niandikie."

"Niandike nini nikiwa Kabuku?"

"Chochote. Andika kuna watu wanauza machungwa."

Alitabasamu, na lile tabasamu likamuumiza Vaishali kuliko machozi yoyote, kwa kuwa alijua ataliona kwenye kila kitu dukani kuanzia mchana ule. Stendi ilijaa watu waliomjua tangu akiwa na sare ya shule: wateja wa mabati, mke wa fundi bomba, Semboja wa mizigo. Akaushika mkono wa Tiampati hapo hapo, katikati yao, mchana kweupe. Kiganja kilikuwa kikavu, kimechubuliwa na saruji ya jana. Tiampati akanong'ona kwamba watu wanatazama. Vaishali akasema anawaona.

Kondakta akapiga ubavu wa basi mara ya kwanza, na ya pili. Vaishali akamwachia. Basi likakata kona kuelekea Segera, vumbi lake likatulia, waliokuwa wakitazama wakarudi kwenye shughuli zao, na yeye akabaki amesimama pale pale amekunja vidole, akilinda joto la kiganja cha Tiampati lisiishe haraka.